Krismasi Herrnhut, mbali na Rungwe

Jumapili, 21 Desemba. Dresden

Zamu imeanza saa kumi na mbili asubuhi, nje bado giza totoro. Ninasomea kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee ya mji huu wa Ujerumani, na tangu Desemba ianze swali ni lile lile, kwa wauguzi na kwa wazee wenyewe: tarehe 24 utakuwa kwa nani? Hakuna anayeuliza nitakuwa wapi. Mwanzoni nililiona swali la kujaza maongezi, kama kuulizana habari za mvua. Sasa nimeshajua kwamba wanauliza kweli, na kwamba anayekosa jibu wanamwonea huruma waziwazi.

Bibi mmoja aliyeanza kusahau ameniuliza wakati wa chai. Ameniuliza tena nilipokuwa namfunga vifungo vya sweta. Kila nikimjibu “Herrnhut”, mji mdogo wa huku huku mashariki ya Ujerumani, anafurahi upya, ananishika mkono, na kuniambia nisisahau kofia.

Leo ni Jumapili ya nne ya Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, kwa hiyo baada ya chakula tumewasha mshumaa wa nne kwenye shada la matawi ya msonobari. Wazee walikaa kimya hadi kiberiti kikazimwa. Shada hili liko kila mahali huku, nikadhani ni la tangu enzi na enzi, kumbe lilianzia Hamburg mwaka 1839. Mtheolojia Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto wa mitaani, alitundika gurudumu lenye mishumaa midogo ya siku za kawaida na mikubwa minne ya Jumapili. Inasemekana watoto walikuwa wanamchosha kwa kuuliza Krismasi imebaki siku ngapi. Namwelewa kabisa.

Nimepewa mapumziko ya sikukuu, kisha nitalipa kwa zamu za mwaka mpya. Biashara nzuri. Wenzangu wenye watoto wadogo walichagua kinyume chake.

Jumatatu, 22 Desemba. Dresden

Siku ya foleni. Tarehe 24 maduka yanafungwa saa nane mchana au hata kabla, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu, milango imefungwa kabisa. Kwa hiyo leo mji mzima uko dukani ukinunua kana kwamba kuna vita. Mzee mbele yangu alikuwa na mifuko mitano ya viazi.

Jioni nikapita Striezelmarkt, pale Altmarkt. Soko hili la Krismasi lina historia tangu 1434, lilipoanza kama gulio la siku moja tu. Sasa linachukua mwezi mzima, na katikati yake limesimama jengo la mbao lenye ghorofa, juu lina mapanga kama ya feni, na sanamu zinazunguka kila ghorofa. Kikombe cha kinywaji unakiwekea amana, ukikirudisha unapewa hela yako. Nimekunywa maji ya tofaa ya moto yenye mdalasini, nikatazama watu. Karibu kila mtu alikuwa na mtu. Hilo ndilo lililonirudisha chumbani mapema, baridi niliisingizia tu.

Zawadi ninayo, kitenge nilichokuja nacho sandukuni. Nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya siku nisiyoijua.

Jumanne, 23 Desemba. Dresden – Löbau – Herrnhut

Nieleze ninakwenda kwa nani. Mimi ni wa Kanisa la Moravian, tena wa Rungwe, Mbeya, kusini mwa Tanzania, ambako wamisionari wa kanisa hili walifika mwaka 1891, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao. Walitumwa kutoka Herrnhut. Jina hilo nimelisikia tangu shule ya Jumapili, likitajwa pamoja na Yerusalemu na Bethlehemu, na nikiwa mtoto sikuwa na hakika kama ni mji wa kupanda basi kwenda au ni wa kwenye Biblia tu. Mchungaji wetu aliposikia niko Dresden akaniunganisha na mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha kwetu miaka mingi iliyopita. Mjane, anaishi peke yake. Aliniandikia kwa Kiswahili: “Njoo Krismasi. Kuna kazi.”

Hiyo sentensi ya pili ndiyo iliyonifanya nikubali. Mgeni wa kukaa tu sebuleni ningeona aibu.

Treni ya kuelekea Görlitz ilichelewa kuondoka. Bautzen kibao cha kituo kimeandikwa kwa lugha mbili, Kijerumani na Kisorbia, lugha ya Waslavi ambao wako eneo hili tangu kabla ya Wajerumani. Herrnhut yenyewe haina treni siku hizi, unashuka Löbau unachukua basi. Basi langu lilikuwa limeshaondoka, nikangoja lingine huku nikihamisha uzito mguu huu hadi huu. Theluji hakuna. Kuna upepo tu, na huo unatosha.

Giza liliingia saa kumi jioni. Basi lilipokaribia mji nikaanza kuziona nyota. Kwenye vibaraza, kwenye madirisha, juu ya milango: nyota za karatasi zenye ncha ndefu na taa ndani, nyeupe, njano, nyekundu. Dresden zipo pia, lakini huku ndiko kwao.

Mlangoni nikasema shikamoo bila kufikiri.

“Marahaba mwanangu. Pole na safari. Umechelewa, chai imepoa.”

Kiswahili chake kina lafudhi ya kwetu kabisa, ile ya Mbeya, na kusikia lafudhi ile kwenye kinywa cha bibi wa Kijerumani mwenye soksi za sufu kulinifanya nicheke kabla sijavua viatu. Akacheka na yeye. Akaniuliza, “Ugonile?”, salamu yetu ya Kinyakyusa. Nikamjibu. Basi.

Kazi yenyewe ilikuwa mezani: sanduku lenye nyota ambayo haijaunganishwa. Kwa desturi nyota hutundikwa kwenye Majilio ya kwanza, na nyumba nyingi familia hukaa pamoja kuiunganisha. Vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, haviwezi tena kushika vile vibanio vidogo vya shaba, na hakutaka jirani amfanyie. “Nilikuwa nakungoja wewe,” akasema, kama vile tulikubaliana zamani.

Nyota ina ncha 25, yaani 17 zenye kitako cha pande nne na 8 zenye kitako cha pande tatu. Unaanza na mzunguko wa kati, ncha nane za pande nne, ubavu kwa ubavu hadi zirudi kukutana. Chini yake unaweka ncha nyingine nane, hii ya pande nne, inayofuata ya pande tatu, zikipishana hivyo hivyo, kisha moja ya kufunga chini kabisa. Juu unarudia mpango ule ule, ila pale kileleni unaacha wazi, ndipo taa inapoingia. Kila ukingo unatoboa, unapitisha kibanio, unakunja miguu yake miwili kwa ndani. Kwa ndani ndiko kwenye kazi, maana mkono hauoni. Bibi alikaa pembeni na miwani yake akinielekeza kama anayemwelekeza dereva kurudi nyuma kwenye uchochoro: kulia, kulia kidogo, simama, hapana, kulia yangu.

Katikati ya kazi akanieleza ilikotoka. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika shule ya bweni ya Wamoravian iliyokuwa Niesky, si mbali na hapa, walimu waliwatengenezesha watoto nyota hizi wakati wa somo la hesabu, wajifunze maumbo. Wengi wa watoto wale walikuwa wana wa wamisionari. Wazazi wao walikuwa ng’ambo, na wao waliachwa huku wasome, wengine kwa miaka, na Majilio yao ya bweni ilikuwa gundi na karatasi. Mwishoni mwa karne hiyo Pieter Hendrik Verbeek akaanza kuzitengeneza kwa kuuza hapa Herrnhut.

Nimeimba mara nyingi kuhusu wamisionari walioacha kwao. Watoto wao sikuwahi kuwafikiria hata siku moja. Nyota ilipowaka ilikuwa karibu saa nne usiku na ncha moja ilikuwa imepinda. Bibi akasema niiache hivyo hivyo, atajua ni ya mwaka huu.

Jumatano, 24 Desemba. Herrnhut

Asubuhi tulipanda taratibu hadi makaburini, kwenye mteremko wa kilima cha Hutberg. Wanapaita Shamba la Mungu. Mji huu ulianza mwaka 1722, wakimbizi wa imani kutoka Moravia, leo sehemu ya Czech, walipopewa hifadhi katika ardhi ya kabaila Zinzendorf, na tangu siku hizo wanazikwa hapa kwa namna moja: mawe mapana yaliyolala chini, ya ukubwa sawa, tajiri na mtumishi hawatofautishwi. Kinamama upande mmoja, kinababa upande wa pili, kama tulivyokuwa tukikaa kanisani zamani. Ni familia ya Zinzendorf tu iliyopewa makaburi ya kuinuka, pale katikati, na sikuona sababu ya kumuuliza Bibi kwa nini. Alinitazama tu akasema, “Hata sisi.”

Mawe yameota kuvu. Mengi yameandikwa mahali marehemu alipozaliwa, na mengine ni ya mbali kweli, mtu amezaliwa pwani ya kitropiki akaja kulala kwenye baridi hii. Nilitafuta Rungwe. Nilifuta majani kwa kiatu, kisha kwa mkono, hadi Bibi akachoka kusimama. Sikulipata.

Saa nane mchana mji ukanyamaza kama umekatiwa umeme. Duka la mkate limefungwa, magari hakuna.

Ibada jioni. Ukumbi wao wa kanisa, wanauita Saal, ni mweupe wote: kuta nyeupe, mabenchi meupe. Madhabahu hakuna, mimbari hakuna, kuna meza tu. Uliungua Mei 1945, siku ambazo vita vilikuwa vinaisha, ukajengwa upya. Tangu Julai 2024 mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, pamoja na Bethlehem ya Marekani na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini. Bibi anasema kilichobadilika ni mabasi ya wageni. Mimi kilichonishika pumzi ni muhuri wa kanisa, Mwanakondoo aliyebeba bendera. Ule ule. Umo kwenye kadi yangu ya ubatizo.

Kwaya ya matarumbeta ilipiga. Tenzi nyingi nilizijua kwa sauti yake, maneno yangu yakiwa ya Kiswahili, nikaimba hivyo hivyo kwa sauti ya chini. Jamaa wa benchi la mbele akageuka, nikadhani nimekosea adabu, kumbe anatabasamu.

Mwishoni watoto waligawiwa mishumaa, kila mshumaa na karatasi nyekundu iliyokunjwakunjwa shingoni mwake. Hili walianza Wamoravian wa Marienborn mwaka 1747, Johannes von Watteville alipowapa watoto mishumaa midogo yenye utepe mwekundu kwenye ibada ya watoto. Mtoto aliyekaa karibu yetu alikuwa wa miaka minne hivi. Aliushika mshumaa kwa mikono miwili, mbali na kifua, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo kwa umakini, na nta ilipomdondokea kidoleni aliangalia mama yake kuona kama inapaswa kuuma. Mama akatikisa kichwa. Mtoto akaendelea.

Nyumbani tulikula saladi ya viazi na soseji. Usiku mkuu kuliko yote, mlo mwepesi kuliko wote. Ndivyo familia nyingi za huku zinavyofanya, nyama nzito inangoja kesho. Nikampa kitenge. Akakinusa kwanza. Akajitanda mabegani, akakaa nacho hadi kulala.

Saa mbili usiku, nyumbani saa nne, nikapiga simu. Mama akaweka spika, ikawa vurugu: kaka anapiga kelele, watoto wa dada wanagombania simu, mtu anauliza kama kuna theluji, mwingine anamjibu kwa niaba yangu. “Umekula?” Mama aliuliza. Nikasema nimekula. “Umekula nini?” Nikasema viazi. Kimya kifupi cha kulaumu.

Kisha nikampa Bibi simu, amsalimie tu.

“Mwalimu, habari za siku nyingi?” nilimsikia Mama akisema. Hawajawahi kuonana maishani mwao. Bibi akajibu nzuri, na za kwenu, na mvua, na yule mchungaji mzee bado yupo, na daraja lile limejengwa, na kwa nini barua haziandikwi siku hizi. Waliongea hadi nikamaliza kuosha vyombo, nikavifuta, nikavipanga kabatini kwa makosa. Nilisikia wivu, sitaficha. Mama yangu alikuwa anacheka na mtu mwingine, kwa bando langu. Waliporudisha simu kwangu mtandao ulikatika kabla sijasema usiku mwema, na nilipojaribu tena hakupatikana. Nikaingia bafuni nikalia kidogo. Nikanawa.

Bibi alipolala nikatoka kutembea. Barabara nzima sikukutana na mtu hata mmoja. Kila dirisha lina taa, nyuma ya kila pazia kuna vivuli vya watu, na mlango umefungwa. Nilifikiri kwetu usiku huu watu wako nje, na mgeni hata asiyejulikana atasukumiwa sahani. Hawa sikukuu yao iko ndani. Si roho mbaya, wenyewe wanadhani kila mtu ana ndani yake, ndiyo maana wanauliza mapema utakuwa kwa nani: ikifika jioni ya leo hawatakuwepo tena wa kukuuliza. Ningebaki Dresden ningetembea hivi hivi, tofauti ni kwamba nisingekuwa na ufunguo mfukoni.

Alhamisi, 25 Desemba. Herrnhut

Bata bukini, kabichi nyekundu, madonge ya viazi. Kwa mpwa wa Bibi, kijiji cha jirani. Watu wengi, maswali mengi, hasa juu ya simba. Nikawaambia Rungwe hatuna simba, tuna ndizi na mvua. Walionekana kupungukiwa.

Nililala saa tatu.

Ijumaa, 26 Desemba. Herrnhut – Dresden

Huku ni sikukuu bado, Krismasi ya pili. Nilitamani kuingia kwenye hifadhi ya nyaraka ya kanisa, wanakotunza barua na picha za wamisionari, maana picha za kale za Rungwe lazima zimo, lakini sikukuu ni sikukuu. Bibi alinifungia kipande cha stollen, mkate wake wa zabibu uliopakwa sukari hadi umekuwa mweupe, kizito kama tofali. Akanipa na kijitabu cha neno la kila siku. Mafungu haya yanachaguliwa kwa kura ya bahati hapa Herrnhut, na yamekuwa yakichapishwa kila mwaka tangu toleo la 1731. Akanionyesha la tarehe ya leo, akasema wa Rungwe nao wanasoma hilo hilo. Nikatuma picha yake kwenye kundi la familia. Dada akajibu: tumeshasoma, wewe ndiye umechelewa.

Basi la sikukuu ni la nadra. Nilifika Löbau mapema kupita kiasi.

Ndani ya treni nilikuwa namtumia Mama ujumbe wa sauti, namweleza kuhusu yule bata, mara kijana wa kiti cha ng’ambo akavua spika za masikioni.

“Samahani dada. Wewe ni Mtanzania?”

Mkenya, mwanafunzi Görlitz, amefika Oktoba. Sikukuu zote amekuwa hosteli. Wenzake wote walikwenda kwao tarehe 20, hakuna aliyemweleza kuhusu maduka, na jioni ya tarehe 24 alikwenda supamaketi akakuta kiza. Amekula wali mkavu na mayai hadi leo, na sasa anakwenda Dresden kwa sababu tu kituo kikuu kina maduka yanayofunguliwa siku kama hii.

“Ulikuwa wapi wewe?” akaniuliza. Nikamweleza. Ni kilomita chache tu kutoka alipokuwa. Alinisikiliza akiwa ameshika kipande cha stollen kwa mikono yote miwili, sukari imemjaa kwenye koti jeusi.

“Na hawakujui? Walikukaribisha hivyo tu?”

“Niliunganishwa. Lakini ibada ilikuwa wazi kwa yeyote.”

Tukabadilishana namba. Nikamwambia Pasaka wana ibada kubwa zaidi, inaanza alfajiri kule makaburini, na matarumbeta, jua likichomoza. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu 1732. Bibi ameshaniagiza nije, atahitaji mtu wa kumshika mkono kilimani, na mkono wa pili hauna mtu.

“Makaburini,” akasema. “Alfajiri. Kwa baridi hii?”

Nikamwambia Aprili huwa kuna joto kidogo. Alitazama dirishani, akakata kipande kingine cha stollen, akasema atafikiria.